Chumba cha Kumsikilizia Fukusi

Hapo zamani, fukusi, kidudu mla miti, alipoogopwa kuliko simba, palikuwa na gogo lililolazwa juu ya korongo liwe daraja. Huku njaa, ng'ambo mtama uliokomaa, chini mamba. Anayebisha ashuke akawahesabu.

Gogo la kwanza lilikatikia katikati na wachumba wawili juu yake. Gome lilipendeza, kumbe ndani fukusi amemaliza. Hili la pili je?

Mtemi akasema, “Atakayetuokoa na gogo hili, kigoda kilicho kando yangu ni chake.”

Fundi Shija akajenga chumba ukingoni, kikaimeza ncha ya gogo. Ukuta ndani ya ukuta, katikati kashindilia sufi. Dari sufi, sakafu sufi. Hata radi ingebisha hodi, isingesikika.

“Humu,” akajigamba, “utamsikia fukusi akimeza mate!”

Akaingia Milembe, mwenye masikio makali kuliko wote.

“Ukimsikia, piga kelele,” Mtemi akamwambia. “Usipopiga, tunavuka.”

Mlango ukazibwa kwa udongo. Giza. Kimya kikamwelemea. Du, du, du! Milembe akaruka, kumbe moyo wake. Kitu kikanguruma, kumbe tumbo lake. Akabana pumzi, akabandika sikio kwenye gogo.

Krr. Krr. Krr.

Si mmoja. Ukoo mzima unatafuna.

“Msivuke! Jamani, limeliwa! Msivuke!”

Sufi ikaimeza sauti. Akapiga ukuta ngumi. Sufi ikazimeza na ngumi. Ndipo akatambua: chumba kisichoingiza sauti, hakitoi sauti.

Nje, Mtemi akasema, “Kimya. Gogo ni zima. Nani aanze?”

Wanaume wakainama kufunga ndara ambazo hawakuvaa.

“Nipisheni, mashujaa wa pombe!” akasema Mhoja, mjane mwenye ulimi wake. Akapanda.

Ndani, Milembe akasikia ndani ya gogo: ti, ti, ti. Nyayo! Akalipiga gogo kwa kisigino, kwa kiwiko, kwa kichwa, mpaka damu.

Mhoja akahisi nyayoni gogo likigongwa toka tumboni. Hakuuliza. Akageuka mbio. Alipokanyaga ukingo tu, kraa! Gogo likaenda kwa mamba, likabeba na ukuta wa chumba. Milembe akajikuta juani, vidole vya miguu vikining'inia hewani.

Walipomvuta, Shija akawahi, “Kigoda changu. Bila chumba, fukusi angesikika wapi?”

“Chumba gani, fundi? Kaburi lile!” Milembe akamkata. “Nimesikia mimi, nimegonga mimi. Na damu hii si ya kuku.”

“Umegonga, mwanangu, sikatai,” akasema Mhoja. “Lakini nyayo zilizosikia ni za nani? Ningewaachia hawa, wangengojana mpaka wavuke wote kwa mkupuo, na watoto mgongoni. Ungemgongea nani?”

Mtemi akakitazama kigoda, akawatazama wale watatu, akakuna ndevu. Hadi leo anakuna.

Basi msaidieni, nyinyi mliokaa kimya kama sufi: fundi, msikilizaji, au mjane? Je, nani alistahili kukikalia?