Gari Jekundu Lisilopanda Mlima

Kabla sijafunga Biblia, hebu niwape kisa. Na wewe unayeangalia saa, tulia, wali wako hauendi popote.

Alikuwepo bwana mmoja hapo Moshi mjini, tumwite Baba Aikande. Maisha yake yote aliendesha gari la oto, lile linalobadilisha gia lenyewe. Siku moja akaenda yadi na mkewe kutafuta gari la spoti, mtumba wa Japani, maana alishachoka kuonekana mtu wa kawaida. Akakuta mawili yamepangwa pamoja. Yote mekundu, yote milango miwili, yote yamelala chini kabisa.

Muuzaji akamwambia, "Mzee, hili ni oto. Hili ni manyuo, klachi na gia unapanga mwenyewe kwa mkono. Wewe unatumia lipi?"

Swali jepesi, si ndiyo? Lakini pembeni palikuwa na vijana wanaoosha magari, na wote wakageuka kusikiliza. Baba Aikande akatoa kifua mbele, akasema, "Oto ni la wanaojifunza. Nipe la gia."

Mkewe akamvuta shati. "Baba Aikande, klachi unaijua lakini?"

"Mama Aikande, hebu niache. Haya ni mambo ya wanaume."

Sasa sikilizeni. Huyo mama alikulia kwenye usukani wa pikapu ya baba yake, akipeleka ndizi sokoni tangu ana miaka kumi na sita. Akaenda kukaa kiti cha abiria. Kina mama mnaguna eeh? Nawasikia.

Basi gari likatoka yadi linarukaruka, tii, tii, likazima getini mara nne. Baadaye akajifunza gia ya kwanza na ya pili, akatosheka. Ndugu zangu, gari la spoti, linanguruma mtaa mzima unaamka, na bajaji inalipita! Akawa anaegesha kwenye mteremko tu, ili kuondoka liserereke lenyewe. Akabadilisha kinyozi, maana yule wa zamani yuko kilimani. Akahama hata jumuiya, kwa sababu wenzake walikuwa wanakutana kwenye nyumba iliyo juu.

Mngecheka tu yakaisha, ila kulikuwa na mama yake. Yule bibi anakaa juu kule migombani, na barabara ya kwake imesimama wima. Na nyie mnajua desturi yetu: ukinunua gari, unampelekea mama aliwekee mkono, aliombee. Bibi akapika machalari, zile ndizi zetu za nyama, akavaa kitenge kipya, akakaa barazani kusubiri.

Baba Aikande alijaribu, mara moja, akiwa peke yake. Katikati ya mlima akakutana na mama mmoja kabeba mkungu wa ndizi, akasimama ampishe. Gari likazima. Likaanza kurudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka likaegemea ukuta wa mashine ya kusaga. Akashuka kinyumenyume hadi chini, jasho linamtoka, akapiga simu.

"Mama, barabara imeharibika. Mvua."

"Mvua gani, mwanangu? Lori la maziwa limepanda asubuhi."

"Lori ni refu, mama. Hili langu ni fupi."

Jamani! Mwezi ukapita, ikapita miwili. Barabara ni mbovu, kazi ni nyingi, mgongo unauma. Ikafika miezi saba hajaonana na mama yake, na gari linang'arishwa kila Jumamosi.

Jumapili moja anatoka kanisani, anamkuta mama yake kasimama pembeni ya lile gari. Ameshuka mlima wote kwa miguu, na goti lake lile bovu, sufuria ya machalari kichwani. Hakuliangalia hata hilo gari. Akamwangalia mwanawe, akasema, "Nimekuja uniambie. Nilikukosea nini?"

Watu wanatoka ibadani, wanaona. Bwana yule akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hukunikosea. Klachi siijui. Gari likisimama mlimani, sijui kuliondoa."

Bibi akatua sufuria chini. "Miezi saba naomba Mungu anionyeshe kosa langu. Kumbe klachi?"

Kisha akamgeukia mkamwana wake, aliyekuwa ametoka ibadani pamoja na mumewe. "Na wewe unajua?"

"Najua, mama."

"Mpe ufunguo," bibi akamwambia mwanawe.

Bibi akakaa mbele. Na Baba Aikande? Kiti cha nyuma cha gari la spoti mnakijua, ni cha kuwekea koti. Akajikunja humo, magoti kidevuni, sufuria mapajani. Palepale kwenye mashine ya kusaga, tipa likasimama mbele yao. Mkewe akavuta hendibreki, akaachia klachi taratibu, akakanyaga mafuta, akaachia hendibreki. Gari likapanda. Kabla hata "Amina" ndefu haijaisha, wamelipita lile tipa. Yule bwana akaanza kulia huko nyuma, kwa sababu aliona jambo lenyewe lilivyokuwa dogo, na mwalimu alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Mnacheka. Chekeni, lakini niambieni: kosa lake lilikuwa kutokujua klachi? Hata kidogo! Mimi mwenyewe naendesha oto, na mbinguni natarajia kufika. Kosa lilikuwa neno moja, "sijui," lililomkwama kooni mbele ya vijana wa kuosha magari ambao hata jina lake hawalijui. Na aliyelilipia ni mama yake, kwa goti lake.

Sisi je? Kuna mtu hapa haongei na kaka yake mwaka wa tatu. Tunasema nafasi hakuna, simu mbovu, barabara mbaya. Barabara gani? Lori la maziwa linapita kila siku! Tunaogopa tu kuonekana hatujui kuomba msamaha, na huko juu kuna mtu anajiuliza alitukosea nini.

Kwaya, msisimame kwanza. Kila Jumapili nawaambia mzime simu. Leo ziwasheni. Tokeni hapo nje, mmoja mmoja, mkapige. Na wewe mzee wa kanisa, usijifanye huna chaji. Nenda, tunakusubiri.