Fisi Aendea Manyoya ya Mbwa

— Jamani, masikio yapo?
— Yapo!
— Yamefunguliwa au yamefungwa?
— Yamefunguliwa, toa!

Basi natoa. Zamani hizo, wanyama walipokuwa na kijiji chao, zahanati yao na majungu yao kama sisi, aliishi Nguchiro, mjane mdogo wa mwili, mwenye kuku mmoja. Msiniulize nguchiro anafugaje kuku. Huyu alifuga, na kuku wake alikuwa amelalia mayai tisa.

Siku moja Nguchiro akapita karibu na tanuri la mchoma mkaa. Mbwa wa mchoma mkaa hakubweka wala hakuonya. Kachu! Akamuuma mguu wa nyuma, akarudi kulala. Nguchiro akaitazama damu, akamkumbuka Digidigi. Digidigi aliumwa na mbwa msimu uliopita, akatibiwa na Mganga Fisi, akafuata masharti yote bila kuacha hata moja, akafa. Fisi alilia sana msibani, akala pilau sahani nne.

Nguchiro hajafika hata mlangoni kwake, Fisi keshapata habari. Akaja na mkoba wake, na nyuma yake kijiji kizima, kwa sababu tiba ya Fisi ilikuwa kitu cha kwenda kutazama.

"Pole, Bi Nguchiro," akasema Fisi. "Dawa ipo. Manyoya ya mbwa aliyekuuma tunayachoma, tunachanganya na pilipili na masizi, tunasugua kidondani. Siku saba maji yasikuguse. Sabuni ndiyo kabisa. Na siku hizo saba hutakula."

"Na kuku wangu?"

"Mganga hula kwa niaba ya mgonjwa. Kuku tutaanza naye leo."

Nguchiro aliogopa. Alijua anachosema Muuguzi Korongo kila siku pale zahanati: maji na sabuni, kisha sindano. Lakini akilisema hilo hapa, ataambiwa anamdharau mganga, na watamshika wamsugue kwa nguvu kama walivyomshika Digidigi. Basi akavaa uso wa adabu.

"Mimi nani nikukatalie, mganga? Ila marehemu mume wangu alikuwa akisema, manyoya yakiletwa na mtu mwingine, dawa inapoa. Mganga akiyang'oa mwenyewe, kwa meno yake, tena mkiani, hapo hupewa kuku pamoja na mayai yake."

"Mayai mangapi?"

"Tisa."

Fisi akameza mate. "Marehemu alikuwa na elimu yake," akasema.

Fisi akaenda, tu-tu-tu. Kijiji nacho nyuma yake, tu-tu-tu. Nguchiro akaenda bombani. Akafungua maji, chwaaa. Akapaka sabuni ya mche, chwi-chwi-chwi. Akaimba wimbo wa kupalilia beti zote, akaurudia tangu mwanzo, maana Korongo alisema robo saa na Nguchiro hakuwa na saa. Kiliuma kidonda, machozi yakamtoka, akaendelea kuosha. Kisha akachechemea hadi zahanati, akachomwa sindano, akaambiwa arudi siku ya tatu.

Huko tanurini Fisi akanyata, akainama, akaushika mkia kwa meno. Kachu! Mbwa akachagua tako.

Wakarudi wote, Fisi mbele, manyoya yamejaa mdomoni. Wakamkuta Nguchiro amekaa kizingitini, mguu ameufunika kwa kanga.

"Pole sana, mganga," akasema Nguchiro kwa upole. "Lakini wewe una bahati. Manyoya unayo, pilipili ipo, masizi yapo. Tuanze na wewe, mimi nitasubiri. Jamani, mshikeni mganga asitikisike."

Wakamshika kwa heshima zote. Ngiri shingo, Swala mikono, Bi Digidigi, mjane wa Digidigi, mguu wa kushoto. Manyoya yakachomwa, yakatwangwa pamoja na pilipili na masizi. Nguchiro akajaza kiganja, akasogea.

"Ngoja," akasema Fisi.

"Tunangoja nini, mganga?"

"Leteni maji."

"Maji ni mwiko siku saba."

"Leteni maji na sabuni, kisha nipelekeni kwa Korongo. Hiyo pilipili haitibu kitu."

Bi Digidigi akauliza taratibu, "Umelijua hilo tangu lini?"

"Siku zote," akasema Fisi. "Mwaka juzi niliumwa mimi mwenyewe, nikaenda nikachanjwa."

Bi Digidigi hakuuachia mguu. Alimwangalia Nguchiro, naye Nguchiro akakiangalia kile kiganja cha pilipili kwa muda mrefu. Kisha akakikung'uta chini.

Basi Fisi akaoshwa robo saa nzima, akapelekwa zahanati, akachanjwa, akapona. Katika masharti yake yote kijiji kilibakiza moja tu, la kutokula siku saba. Na kwa niaba ya mgonjwa, siku zote saba, aliyekula ni Bi Digidigi.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke aende zake.

Na funzo lake, wanangu, ni hili. Mbwa akikuuma, usimalize sabuni, sabuni ni ya kufulia. Zahanati usiende, kuna foleni. Nenda moja kwa moja kwa mganga. Ila mngoje kwanza aumwe yeye, umsikie anaagiza nini.