Mwanzi wa Mzee Kalasa

Mshipi hukatwa na ukingo, samaki husingiziwa. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mmeniuliza wenyewe baada ya kumsikia mjomba wenu akiisema, mtanivumilia mpaka mwisho. Msinikatize njiani kuuliza kama walikuwa na simu. Hawakuwa nazo.

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho sikitaji jina kwa sababu wenyeji wake ni hodari wa kubisha, mwanamume hakuhesabiwa kuwa ameoa mpaka awalishe wakwe zake. Alihamia kwao, akapewa mwamba ulio mbele ya nyumba yao, akavua hapo huku kila mtu akimwona. Mtumbwi wa ukweni hakuupanda, maana huo ulikuwa wa waliokwisha kupokelewa. Tena palikuwa na sharti moja dogo: mwanzi wake wa kuvulia usiuzidi urefu mwanzi wa baba mkwe. Kijana kushika mwanzi mrefu kuliko wa mzee ilikuwa sawa na kumpanda kichwani.

Basi kijana mmoja, Kauzeni, akaoa kwa Mzee Kalasa. Alitoka bara, kwenye mito, ambako watu hutega migono, ile mitego ya kufumwa, wakaenda zao kulala, kwa hiyo kuvua kwa mshipi hakukujua. Mkewe, Nakazwe, ndiye aliyemfundisha. Unafunga kipande cha shaba kinachong'aa juu ya ndoana, unakishusha wima mpaka chini kabisa, kisha unainua na kushusha, unainua na kushusha, ili samaki mkubwa adhani ni dagaa aliyejeruhiwa. Shaba yenyewe ilikuwa bangili ya Nakazwe, aliyoikata vipande kwa mkono wake. Mshipi nao aliusokota yeye. Alimpenda mumewe, na hakuona haya kuonyesha.

Kisha Kauzeni akaenda kuutazama mwanzi wa mkwewe. Mzee Kalasa alikuwa amevua mtumbwini tangu ujana wake, na mtumbwini mwanzi mfupi unatosha, kwa kuwa maji yako hapo hapo chini ya mkono. Wa kwake ulimfika kifuani. Kauzeni, kwa adabu, akakata wake ukamfika kiunoni. Adabu nyingine bwana, humponza mwenyewe.

Akasimama mwambani akaanza kazi. Kuhe, yule samaki mnene wa kwenye mawe, hakukawia kula. Kauzeni akahisi uzito, akavuta, mshipi ukakatika. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Wadogo walipanda, lakini kila mkubwa aliondoka na kipande cha shaba. Nakazwe akasokota mshipi mnene zaidi, nao ukakatika. Watu wakaanza kusema kwamba chini ya mwamba ule anakaa kuhe mzee mwenye meno ya msumeno. Kauzeni akaamini, akawa anaamka asubuhi kwenda kumtukana samaki ambaye hajawahi kumwona. Wenye ndimi mbaya zaidi walisema mwamba umemkataa, na mtu aliyekataliwa na mwamba hafai kuachwa ndani ya nyumba.

Ndugu za Mzee Kalasa wakakubaliana. Ulezi ukivunwa na pombe ikiiva, wataketi kikao. Ikiwa kijana hajaleta kuhe mkubwa, Nakazwe atarudi chumbani kwa mama yake, na Kauzeni atarudi kwao bara. Nakazwe aliposikia hayo alilia mchana kweupe, wala hakujificha. Bangili ilikuwa imebaki kipande kimoja.

Siku moja alikuwa akiunga ule mshipi, akaona ncha iliyokatika imechanua nyuzi. Akaitazama tena. Mshipi uliokatwa na meno huwa na ncha safi, lakini huu ulikuwa umesagika. Akainuka akaenda mwambani, akalala kifudifudi na kupapasa ukingo wake. Nyuzi alizozisokota mwenyewe zilikuwa zimenasa kwenye jiwe, nyingi. Mwanzi mfupi haukufika nje ya ukingo, kwa hiyo kila samaki mzito alipovuta, mshipi ulilala juu ya jiwe ukasagwa.

Sasa oneni tabu yake. Dawa ilikuwa mwanzi mrefu, na mwanzi mrefu ulikuwa tusi kwa baba yake. Alichukua ile ncha, akampigia baba yake magoti, akamwekea kiganjani.

"Baba, hili ni jino la samaki?"

Mzee Kalasa akaisugua kwa kidole gumba. "Hapana. Hili ni jiwe."

"Ni ukingo wa mwamba wetu, baba. Mwanzi wake hauuvuki."

"Na kwa nini asikate mrefu?" Mzee aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu anakuheshimu, baba."

Mzee angeweza kusema mila ni mila, na nduguze wangemsifu. Angeweza pia kuivunja, na kijana angesemwa mpaka anazeeka. Hakufanya hili wala lile. Alichukua panga akaingia kwenye mianzi. Alasiri kijiji kizima kikamwona akiburuta mwanzi mrefu kuliko nyumba yake, ukifukuza kuku, na kwenye kona ya kwanza ukamshinda ikabidi arudi kinyumenyume. Hapakuwa na mtumbwi wa kuubeba mwanzi ule. Kaka yake akamuuliza kama anakwenda kuvua mwezi. Mzee akajibu kwamba tangu leo huo ndio mwanzi wake wa kuvulia, akausimamisha mlangoni, kisha akamwita mkwewe.

"Mwanangu, mwanzi wangu ndio huu," akasema. "Nenda ukakate wako."

Kauzeni aliutazama mwanzi, akamtazama mzee, ndipo akaelewa. Akachukua panga. Akaenda kuchagua kwa makini: mkavu, mwepesi, shina gumu na ncha yenye kupinda, urefu wake kama watu wawili. Ulikuwa bado mfupi mno mbele ya ule wa mzee, na sharti lilikuwa limetimizwa.

Asubuhi akafunga kile kipande cha mwisho cha shaba. Mshipi ukashuka wima, mbali na jiwe. Akainua, akashusha, akainua. Kuhe akala. Mwanzi ukapinda, Nakazwe akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini mshipi haukugusa jiwe. Samaki alipotua mwambani, Nakazwe aliketi chini akacheka na kulia kwa pamoja, kwa jinsi moyo ulivyomtua. Kauzeni alibaki amesimama, akisema tu ahsante, ahsante, bila kujua anamwambia nani.

Kikao kilikaa, lakini kilikaa kwa kula. Kaka yake Mzee Kalasa, mkono umejaa mnofu, akampongeza kijana kwa kumshinda yule kuhe mwenye meno ya msumeno.

"Hakuna kuhe wa namna hiyo," Mzee Kalasa akasema. "Ulikuwa ukingo."

"Ukingo upi?"

Mzee akawatazama nduguze mmoja mmoja, akamalizia kwa kujitazama mwenyewe. "Sisi," akasema. "Mshipi hukatwa na ukingo, samaki husingiziwa."