Kipa Aliyeomba Samahani

Adabu ya kipa ni kelele. Mliisikia juzi, watoto, mkatazamana. Mke wa Hizza alimpigia baba mkwe wake ukelele mbele za watu, mzee akirudisha trekta nyuma na hajui kwamba mjukuu wake amechuchumaa karibu na gurudumu. Mwanamke ambaye hajawahi hata kumtazama mkwewe usoni akamwambia, "Simama wewe!" Badala ya kumkemea, wazee wakatikisa vichwa na kusema: adabu ya kipa ni kelele. Nanyi mkauliza kelele na adabu zilikutana wapi, maana majumbani kwenu kila siku zinagombana. Zilikutana uwanjani, na methali yenyewe ilianza hivi.

Zamani, mkonge ulipokuwa bado unalisha watu, shamba la Kwemlonge lilikuwa na timu ya mpira iliyoheshimiwa bonde zima. Kipa wao wa siku nyingi alivunjika kiwiko, akabaki kusimulia ya zamani kama wastaafu wote. Ndipo kocha Mbelwa akaagiza kijana kutoka Usukumani, jina lake Nkwabi, mrefu, mwembamba, mwenye mikono ambayo ikishika kitu haikiachi.

Nkwabi alipewa kitanda kambini kwa wafanyakazi, na sharti moja. Angechezeshwa mpaka mechi kubwa dhidi ya shamba la jirani. Akifaa, kazi ipo na goli ni lake. Asipofaa, basi la kwao lilikuwa linapita barabarani kila asubuhi. Naye kurudi hakutaka. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa nyumbani, na mama yake alikwishawatambia majirani kwamba mwanawe ameitwa mbali kwa ajili ya mikono yake.

Kijana alikuwa na woga, lakini woga wake haukuwa wa mpira. Mpira hakuuogopa hata kidogo. Aliwaogopa watu waliosimama mbele yake. Mabeki wa Kwemlonge walikuwa watu wazima wenye ndevu na watoto, na mkubwa wao alikuwa nahodha, Shekiondo, fundi wa korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa singa, nyuzi za kusokotea kamba. Alikuwa na shingo nene na maneno machache. Angeweza kuwa mdogo wake baba yake Nkwabi, na Nkwabi akamwita hivyohivyo, baba mdogo. Kila mazoezi alimwamkia kwa kuinama, glovu mkononi. Wenzake walicheka. Shekiondo aliitikia marahaba na kwenda zake.

Sasa, krosi ikija na kuning'inia katikati ya kipa na beki, kipa hupiga ukelele mmoja, "Wangu!", na beki humpisha. Ndivyo mchezo ulivyo. Lakini neno hilo lilimkwama Nkwabi kooni. Kwao, mtoto aliyesema "changu" mbele ya mkubwa alionjeshwa mwiko na bibi yake. Kitu hakikuwa cha mtu mpaka mkubwa akigawe.

Basi mechi ya kwanza krosi ikaja, ikaning'inia. Nkwabi akasema, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi ukweni, "Samahani, baba mdogo, naomba huo." Alipofika kwenye "naomba" mpira ulikuwa wavuni. Mshambuliaji hakuwa ameomba kitu.

Mashabiki walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Samahani. Akienda kisimani kuchota maji, wanawake walimpisha wakisema, "Samahani, naomba zamu." Alitabasamu, lakini ndani alikuwa anaungua. Akaamua kwamba, kwa kuwa ulimi ndio uliomponza, ataufunga. Kuanzia hapo akawa anadaka kimyakimya, akitumaini kwamba wakubwa watamwona wenyewe na kumpisha.

Kocha Mbelwa aliligundua jambo hilo mapema. "Kipa, sema," alimwambia kila mazoezi. "Wewe unaona uwanja wote. Wao wanaona mbele tu." Nkwabi aliitikia ndiyo, na hakusema.

Mechi ya pili ilipigwa kona. Mpira uliruka juu, ukapinda kuelekea goli. Shekiondo akaanza kurudi kinyumenyume, macho angani, akijipanga kuupiga kichwa. Nkwabi naye akatoka, ngumi juu. Aliona kabisa kitakachotokea. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na hakulisema. Ngumi yake ikatua kwenye uso wa Shekiondo.

Yule bwana alianguka kama gunia na hakuinuka. Damu ikaingia mchangani. Kisha Nkwabi akaisikia sauti ya mkewe Shekiondo, Mwanaidi, akija mbio na kumwita mumewe. Alijua ameua mtu, na alijua kwamba amemuua kwa kunyamaza.

Hakuwa amekufa. Alibebwa mpaka zahanati, akashonwa, na mganga akamfunga kitambaa jicho la kushoto. Mganga akasema jicho limenusurika, ila likipigwa tena, yeye hana dawa ya kulirudisha.

Kesho yake Nkwabi alikwenda nyumbani kwa nahodha. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka Mwanaidi akatoka na kumkuta.

"Ingia," alisema. "Au nawe unataka tukuombe samahani?"

Shekiondo alikuwa amekaa mkekani, uso umevimba. Nkwabi akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kuomba radhi. Nitaondoka na basi la kesho."

"Marahaba. Nani amekwambia uondoke?"

"Nimekuumiza."

"Mpira huumiza watu. Mimi nakuuliza jambo moja. Uliniona narudi?"

Nkwabi akainamisha kichwa. "Nilikuona."

"Na hukusema."

"Niliona haya. Wewe ni mkubwa wangu. Nitakukaripiaje?"

Sauti ya Shekiondo, alipojibu, haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha kijana zaidi.

"Sikia, Nkwabi. Mimi nikiwa uwanjani nakupa mgongo. Mgongo hauna macho. Ungeona nyoka nyuma ya kisigino changu, ungeniamkia kwanza?"

"Hapana."

"Ungefanyaje?"

"Ningepiga kelele."

"Haya. Sasa niite jina langu."

Nkwabi alifungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena. Ikatoka sauti ndogo, "She... Shekiondo." Jasho likamtoka. Mwanaidi, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akasema hata mchele haukusikia. Akamwita mara ya pili, na ya tatu, na kila mara alijisikia kama anamtukana baba wa mtu ndani ya nyumba yake.

"Jumapili nacheza," alisema Shekiondo wakati wa kuagana.

"Na jicho?"

"Jicho liko mikononi mwako."

Enyi watoto, lile neno lilimnyima Nkwabi usingizi. Mwanzo aliogopa kufukuzwa. Sasa kufukuzwa kulikuwa jambo dogo. Alitamani kocha amweke pembeni, mwingine akae golini, mwingine abebe jicho la mtu mwenye watoto wanne. Alimwendea Mbelwa kumwomba hivyo. Mbelwa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akatafute viatu vyake.

Jumapili ilifika, siku ya ile mechi kubwa. Mashamba mawili yalijaa uwanjani. Hata mama yake Shekiondo, bibi mkali asiyependa mpira, alikuja kumchunga mwanawe, akakaa kwenye kigoda nyuma ya goli la Nkwabi. Kijana alimwamkia. Bibi akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni na kuitikia kwa nusu mdomo.

Kwemlonge walipata bao mapema. Kisha wakaanza kubanwa. Krosi zilikuja moja baada ya nyingine. Alisema "wangu" kwa mabeki wa pembeni, akaweza. Kwa Shekiondo hakuwa ameweza bado. Bahati nzuri mipira iliyokuja kati yao iliwapita wote wawili, ikatoka nje.

Kuelekea mwisho ikapigwa kona.

Mpira ukaenda juu sana. Wachezaji wawili wa jirani walikuja kwa kasi, mabega mbele. Shekiondo, kitambaa bado usoni, akaanza kurudi kinyumenyume, macho angani. Alikuwa anarudi moja kwa moja kwenye ngumi ya Nkwabi, vilevile kama siku ile. Nkwabi aliruka akiwa hana sauti. Aliiona damu kabla haijatoka.

Ndipo neno likamtoka, kubwa, la ukali, likafika mpaka ng'ambo ya uwanja: "Shekiondo! Inama, wewe!"

Shekiondo aliinama papo hapo, kama mtoto aliyeitwa na baba yake. Ngumi ikapita juu ya kisogo chake, ikaupata mpira, mpira ukaenda mbali. Wale wawili wa jirani wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Haikuchukua muda refa akamaliza mchezo.

Lakini Nkwabi hakushangilia. Nyuma yake bibi alikuwa amesimama kutoka kwenye kigoda. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma, maana wote walikuwa wamesikia, na wote walimjua yule bibi.

"Ni nani huyu," aliuliza, "anayemwita mwanangu kama anafukuza mbuzi? Kwenu hamfundishwi?"

Nkwabi alipiga magoti palepale golini. Shekiondo akaja taratibu, akasimama kati yao. Akakishika kile kitambaa cha jichoni, akakifungua. Chini yake jicho lilikuwa jekundu, limevimba, lakini zima.

"Mama," alisema, "wiki iliyopita huyu alinionea aibu, ukanikuta zahanati. Leo hakunionea. Nitazame."

Bibi alimtazama. Alisogea, akalishika shavu la mwanawe kwa vidole viwili, akalichunguza lile jicho kama mtu anayechagua nyanya. Kisha akamgeukia Nkwabi, ambaye bado alikuwa magotini.

"Inuka," alisema. "Usiniombe samahani. Na Jumapili nyingine mwite kwa sauti kubwa zaidi ya hiyo. Kumbe adabu ya kipa ni kelele."