Shikamoo Iliyokwama Mlimani

Hapo zamani za kale, tena mbali sana, huko Asia ambako milima huvaa theluji kichwani mwaka mzima, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole. Hadithi hii ina chakula ndani yake, sitaki ushibe kabla hatujakifikia.

Nchi ya kwanza ilikuwa bondeni, na huko alitawala Mfalme Tembo. Walikuwa na mchele na chumvi kutoka pwani yao, tele, hadi ghala zinapasuka. Lakini mvua za bondeni zilikuwa ndefu, na vifua vyao vilikuwa vibovu.

Nchi ya pili ilikuwa juu mlimani, kwa Mfalme Dubu. Huko kulikuwa na chai, na asali ya kutuliza kifua chochote kile. Ila chumvi hawakuwa nayo hata ya kulamba.

Mmeona wenyewe? Kila mmoja alikuwa na dawa ya mwenzake.

Na walikuwa marafiki, si mchezo! Kila mwaka waliadhimisha Siku ya Undugu. Bondeni ngoma zililia, ti-ti-ti-pu! Tembo akasimama, akasema, "Watu wa mlimani ni ndugu zetu wa damu!" Mlimani nako ngoma zikalia, Dubu akasimama, akasema, "Watu wa bondeni ni ndugu zetu, leo na hata milele!" Raia wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha kila mmoja akarudi kwake, wa bondeni kukohoa, wa mlimani kula mboga chapwa.

Mtaniuliza, kama ni ndugu, mbona hawakupeana? Sababu ni shikamoo. Ndiyo, shikamoo tu!

Huko kwao, kama hapa kwetu, mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Mfalme mpya akikalia kiti, ndugu mdogo hutanguliza zawadi, na hiyo ndiyo shikamoo ya kifalme. Ndugu mkubwa hurudisha zawadi kubwa zaidi, na hiyo ndiyo marahaba. Baada ya hapo misafara hufunguliwa, punda wanapanda, punda wanashuka, kila mtu anakula. Sasa bahati mbaya Tembo na Dubu walirithi viti vya baba zao msimu mmoja, hata isijulikane nani mkubwa na nani mdogo.

"Mkubwa ni mimi," alisema Tembo. "Nani asiyeona? Nitazameni!"

"Mkubwa ni mimi," alisema Dubu. "Mtu akiwa juu ni juu. Bonde halijawahi kuutazama mlima kutoka juu."

Basi kila mmoja akaketi kwenye kiti chake, akingoja kuamkiwa. Wakangoja weee. Njia ya misafara ikaota miiba.

Katikati ya nchi hizo mbili, pale mlima unapopasuka kuacha upenyo, palikuwa na mgahawa mdogo wa chai na vitumbua. Mwenyewe alikuwa kindi mmoja, jina lake Mama Chonjo. Mkia wake ulikuwa mrefu kuliko mwili, na ulimi wake mrefu kuliko mkia. Zamani kila msafara ulitua kwake. Sasa majirani wote walikwisha kuhama, na birika lake lilikuwa limeota kutu.

Asubuhi moja Chonjo, mmoja wa wanawe, akamuuliza, "Mama, leo tunakula nini?"

"Maji ya moto."

"Si ndiyo tuliyokula jana?"

"Ndiyo hayo."

"Na kesho?"

"Kesho nitayapoza, mbadilishe ladha."

Watoto wakacheka. Mama Chonjo naye akacheka, halafu akaingia jikoni akalia, kwa sababu mama hawezi kuitania njaa siku zote. Theluji ilikuwa njiani. Ikianguka kabla misafara haijarudi, watoto wale wasingeuona msimu mwingine, naye alilijua hilo vizuri kabisa.

Akajifuta machozi. Akasema, "Hawa wakubwa wanaona aibu kuanza. Haya, mimi nitawaanzia."

Katika fundo la leso yake mlikuwa na chumvi, ya kujaza ukucha tu, iliyobaki tangu enzi za misafara. Akaifungua, akaitazama, akaifunga tena.

"Mama!" Chonjo akapiga kelele. "Hiyo ndiyo ya mwisho!"

"Ya mwisho haitushibishi. Iache ikatafute wenzake."

Akapanda mlima, chapu chapu, akapita chini ya miiba mpaka ikulu ya Dubu. Akamkuta mfalme amekaa mbele ya bakuli la kabichi, amenuna.

"Hodi! Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Umeleta nini, ewe mkia?"

"Zawadi, mfalme. Kutoka kwa ndugu yako Tembo."

Dubu akasimama ghafla, kiti kikaanguka, paa! "Tembo? Tembo ameleta zawadi? Yeye? Kwanza?"

"Mimi ni mbebaji tu," akasema Mama Chonjo, macho chini.

Dubu akafungua fundo. "Mbona kidogo hivi?"

"Mdogo hutoa kidogo, mfalme. Kikubwa tunakitazamia kwa mkubwa."

Jamani, mngemwona Dubu! Masikio yalisimama, tumbo likatoka mbele. "Ho! Ho! Ho! Amekubali! Mkubwa ni mimi!" Akanyunyiza chumvi ile kwenye kabichi, akatia tonge mdomoni. Machozi yakamlengalenga. "Hivi ndivyo alivyopika marehemu mama," akasema polepole. Kisha akaguna, "Mpeni huyu mtungi wa asali. Ampelekee mdogo wangu. Asije akasema kaka yake ana mkono mfupi!"

Mama Chonjo akauviringisha mtungi mpaka bondeni, gudu, gudu, gudu. Kabla hajafika mlangoni akamsikia Tembo. "Kho! Kho! KHOO!" Kila akikohoa, makuti ya paa yanadondoka.

"Hodi! Shikamoo, mfalme. Zawadi kutoka kwa ndugu yako Dubu."

"Kho! Kutoka kwa nani?"

"Dubu wa mlimani. Kwa mkono wake mwenyewe."

"Ameanza yeye!" Tembo akapiga mguu chini, ti! "Niliwaambia! Si niliwaambia? Kho! Mdogo wangu amepata adabu!" Akatia mkonga mtungini, akavuta, fyuuu. Akangoja kikohozi kije. Hakikuja. Ikulu nzima ikawa kimya, mpaka mawaziri wakaja mbio wakidhani mfalme amefariki.

"Niko hai, wajinga ninyi," akasema Tembo kwa sauti laini ajabu. "Gunia la mchele! Gunia la chumvi! Apelekewe mdogo wangu, aone mkubwa anavyotoa."

Hapo ndipo mambo yalipochangamka. Dubu akapokea magunia, akasema, "Kijana huyu anajitahidi, lakini hanifikii," akatuma asali mara mbili na chai juu yake. Tembo akapokea, akasema, "Masikini, anajikakamua," akatuma zaidi. Na mila ya misafara inasema mbebaji hakosi kijiko chake. Basi kila mzigo ukipita, kijiko kinabaki mgahawani. Chonjo na ndugu zake wakaanza kuota mashavu.

Lakini siku moja mzigo ukakwama. Kindi ni kindi, hata akiwa na ulimi mrefu. Magunia yakanaswa na miiba, akavuta, yakagoma, akavuta, yakamwangukia, bwata! Akatoka chini yake akihema, na chembe ya kwanza ya theluji ikamtua puani.

Akaenda kwa Tembo. "Mfalme, zawadi ya mkubwa haipiti kwenye kichochoro cha panya. Au nimwambie Dubu ulishindwa?"

"Nishindwe mimi? Fyekeni njia!"

Akaenda kwa Dubu, maneno yale yale. Dubu akanguruma, "Leteni majembe!"

Watu wa Tembo wakang'oa miiba kutoka chini, kraa! kraa! Watu wa Dubu wakachimba kutoka juu, chwi! chwi! Na wafalme wenyewe wakaja nyuma ya punda wa mizigo yao, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwona mdogo wake akiinama.

Wakakutana mlangoni kwa Mama Chonjo. Tembo akasimama, kidevu juu. Dubu akasimama, kidevu juu zaidi. Wafalme wakatazamana.

"Nangoja," akasema Tembo.

"Unangoja nini? Anayengoja ni mimi."

"Niamkie, basi! Si wewe uliyeanza kuleta asali?"

"Asali? Asali ilikuwa marahaba! Uliyeanza ni wewe, na chumvi yako!"

"Chumvi ipi?"

Wote wawili wakageuka polepole. Mama Chonjo alikuwa anamimina chai, chururu.

"Wewe!" Tembo akainua mguu. "Nitakukanyaga!"

"Kabla hujamkanyaga nitamparua!" akanguruma Dubu. "Wanangu, geuzeni punda! Turudi na mizigo yetu!"

Punda wakaanza kugeuzwa kweli. Chonjo akaukumbatia mkia wa mama yake. Mama Chonjo akaweka birika chini, akaruka juu ya gunia la chumvi, katikati ya kucha za huyu na mguu wa yule.

"Nimewadanganya," akasema, sauti kavu. "Tembo hakutuma chumvi. Chumvi ilikuwa yangu, ya mwisho nyumbani mwangu, niliitoa vinywani mwa hawa watoto. Uongo ni wangu na zawadi ni yangu. Sasa nisikilizeni."

Akainama mpaka pua ikagusa gunia.

"Shikamooni, wakubwa zangu!"

Sasa wanangu, ninyi mnajua. Shikamoo haiachwi hewani. Hata uwe na hasira za kupasua jiwe, ukiamkiwa unaitika. Kabla hawajafikiri, Tembo na Dubu wakaitika kwa pamoja, mlima ukarudisha sauti:

"MARAHABA!"

Mama Chonjo akainuka, akapangusa pua. "Basi, imekwisha. Aliyeanza ni mimi, na mdogo ni mimi. Mmeitika wote wawili, kwa hiyo wote wawili ni wakubwa. Kuna mwenye ubishi?"

Tembo akapepea masikio. Dubu akajikuna kichwa, kwaru, kwaru.

"Na mkubwa hurudisha zaidi," akaendelea yule mwenye ulimi. "Mimi sitaki magunia. Marahaba yangu ni njia hii. Isiote miiba tena, leo wala kwa wajukuu zenu. Au mwende mkakohoe na kula kabichi chapwa, kila mkubwa kwake."

Tumbo la Dubu likaanza kutikisika. "Ho," akasema. "Ho ho! Mkia huu umetuweza!" Tembo naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini, ti! na kikohozi hakikumpata hata kidogo.

Wakakaa wakanywa chai, vikombe vikiwa vidogo kama njugu mikononi mwao. Wakakubaliana punda wapite kila juma, asali na chai zishuke, mchele na chumvi zipande, na mgonjwa wa huku atibiwe kule bila kuulizwa yeye ni nani. Tangu siku hiyo mfalme mpya akikalia kiti, awe wa bonde au wa mlima, zawadi ya kwanza hutoka kwa kindi wa mgahawani. Ni chumvi ya kujaza ukucha tu, nusu kwa huyu, nusu kwa yule, na wote wawili huitika marahaba.

Misafara ilipoondoka, theluji ilikuwa inaanguka kwa raha zake, na mgahawani moto unawaka. Chonjo akamvuta mama yake.

"Mama, leo tunakula nini?"

"Maji ya m..." Mama Chonjo akaanza, kwa mazoea. Akasita. Akatazama magunia yaliyojazwa na vijiko vya misafara, yamepangwa mpaka darini, akacheka huku anafuta macho. "Vitumbua, mwanangu. Na asali juu yake."

Basi ninyi mnaojiita ndugu, kumbukeni: undugu ni kufaana, si kufanana.