Mapezi Jozi Tatu, Jina Moja

Haya, nyinyi mnaojifanya mna akili, njooni mnisaidie, maana kichwa changu kimevurugika. Mjukuu wangu kesho anatimiza siku ya saba na hana jina!

Baba yake, mwanangu Shaame, ni mpiga mbizi hapa Pemba. Wenzake kazini ni wanawake watatu, na kila mmoja ana mapezi ya miguuni anayoyaapia. Ya Kazija marefu, ya kasi. Ya Mize mafupi, magumu, ya kugeukia penye finyu. Ya Bishara yana mikanda, huvaliwa juu ya viatu vya mpira. Basi ni kuchekana tu botini.

"Hayo makasia, shoga!"

"Na yako vijiko!"

Siku moja Shaame akanaswa na wavu ndani ya meli iliyozama. Wenzake juu botini wakaona mapovu yake hayasogei.

Mkondo ulikuwa mkali, lakini Kazija na marefu yake akawahi. Alimkuta hewa inamwishia, akampitishia dirishani mpira wake wa akiba wa kupumulia, Shaame akavuta hewa. Kuingia ndani akashindwa, mapezi yalikwama mlangoni.

Mize akafika nyuma, hoi. Akapenya bila kutimua tope, akakata wavu, akamtoa.

Walipoibuka mwanangu hajitambui, na maji yamekupwa, boti haipiti. Bishara akafungua mikanda, akabaki na viatu vyake, akambeba mgongoni juu ya matumbawe yanayokata kama wembe, mpaka kwa daktari. Wenzake walikuwa miguu mitupu, wangefika wapi?

Shaame alipozinduka akaapa mbele ya watu: "Aliyeniokoa, mwanangu ataitwa jina lake." Mkewe akajifungua msichana. Mmoja, jamani, si watatu! Na Shaame kanitupia mie kazi ya kuchagua.

"Ningechelewa, Mize angemkuta maiti," anasema Kazija.

"Na nisingekuja, ungebaki naye dirishani mpaka hewa iwaishie wote," anajibu Mize.

Bishara anafuta machozi. "Mie Mungu hakunijaalia mtoto. Nataka jina tu, bibi."

Masikini, namhurumia! Lakini huruma nayo ni haki? Sijui. Asubuhi namwita mtoto Kazija, mchana Mize, nikimwogesha naropoka Bishara. Naye ananikodolea macho tu.

Kesho kwenye akika shehe atauliza, "Anaitwa nani?" Watakuwa wamesimama hapo wote watatu, wananitazama mdomoni. Je, ungekuwa wewe, ungetaja jina gani?