Siku ya Arafa ya Mwaka wa Tauni

Wamepokea watu wema kutoka kwa waliowatangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemen, safari ya mwezi mzima kutoka Makka, palikuwa na zawia, nyumba ya dhikri na mafunzo, iliyoasisiwa na Sheikh Dhakwan, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kabla ya kufariki aliusia kwamba atakayemwosha ndiye atakayeshika nafasi yake kama khalifa, na uongozi ubaki katika nyumba ya mtu huyo.

Kizazi cha tatu, nafasi hiyo ilikuwa mikononi mwa Sheikh Luqman. Manakibu, masimulizi ya sifa za mwasisi yaliyosomwa kila hauli, kumbukumbu ya mwaka ya kifo chake, yalisema kwamba babu yake, Sheikh Numan, ndiye aliyemwosha mwasisi. Lakini pambizoni mwa msahafu wa wakfu msikitini paliandikwa, kwa mkono wa kale, kuwa aliyeosha ni Masud, mtumwa aliyeachwa huru, babu yake Yaqut mtia rangi nguo. Muridi, wafuasi wa zawia, wakagawanyika hata wengine wakaacha kusalimiana.

Yaqut akamwendea Luqman, mikono imejaa nili. "Sheikh, mimi kwa kadhi siendi. Hukumu wewe, na utakalosema nimelipokea."

"Unanifanya hakimu wa kesi yangu mwenyewe?"

"Angekuwa mwingine, ningeogopa."

Luqman hakuwa na shaka kwamba haki iko kwake. Alilohitaji ni kuipanga tu kwa tarehe, kama ilivyokuwa desturi yake katika kila jambo. Akaanza na lisilobishaniwa: Sheikh Dhakwan alifariki alfajiri ya siku ya Arafa, mwaka wa tauni, akaoshwa na kuzikwa siku ile ile.

Uani, dada yake Bi Sukayna alikuwa akipepeta ngano huku akighani kaswida ya ukoo wao, ile inayosomwa harusini, inayomsifu babu yao kwa kuwazika mahujaji wenzake mwaka wa tauni, kisha kusimama Arafa peke yake.

"Dada, rudia ubeti huo."

"Leo umeipenda sauti yangu? Jana ulisema nakukwaruza masikio."

"Rudia, tafadhali."

Akarudia. Luqman akaweka kalamu chini. "Kwenye hauli tunamweka babu hapa, anaosha maiti. Harusini tunamweka Arafa. Siku ni moja, mwaka ni mmoja."

Bi Sukayna akaacha kupepeta. "Labda ni karama, Mungu alimjalia kuwa kote kuwili."

"Karama ikithibiti naikubali. Hii hatukuipokea kwa mtu yeyote, tunaihitaji tu."

"Na watoto wako, kaka? Nyumba hii ni ya zawia. Tutahamia wapi?"

"Sijui. Lakini kutojua kwangu hakumwondoi babu Arafa."

Siku ya hauli ilipofika, Luqman alisimama mbele ya muridi wote akawapangia hesabu ile hatua kwa hatua, mpaka hapakubaki mwenye la kuuliza. Mzee mmoja wa upande wake akafoka: "Unamvunjia babu yako heshima!"

"Namrudishia hija yake," akajibu Luqman. "Yeye hatukumsikia akidai kumwosha sheikh. Sisi tuliompenda ndio tuliomwongezea, na nyongeza yetu imemnyang'anya Masud fadhila yake."

Kisha akatoka kwenye zulia la khalifa, akamshika Yaqut mkono, akamketisha hapo, naye akaenda kukaa safu ya nyuma penye nafasi. Waliokuwa hawasalimiani wakapeana mikono, wengine kwa aibu.

Wiki ile nyumba ya zawia ilibadili wenyeji. Watu wa mtaa wa watengeneza ngozi, alikopata Luqman vyumba viwili, walimwona khalifa mpya akipita na magodoro ya mtangulizi wake kichwani, akimkatalia kila aliyetaka kumpokea mzigo.

Ndugu zangu, waja wema hawakuacha pengo katika sifa zao ili sisi tulizibe kwa uongo. Anayempenda mwema na amwache pale alipokuwa, kwani Mola wake alimwona hapo hapo, na hapo ndipo alipomwandikia ujira wake.